Shajara ya Gereji: Helikopta ya Kiti Kimoja

Jumatatu

Umeme umekatika asubuhi kijana wa gereji akiwa katikati ya kuchomelea, ukarudi jioni tunafunga. Muda wote huo tumekaa na kalamu, maana hesabu haitaki umeme.

Swali la leo lilikuwa viti. Kila anayepita gerejini huuliza itabeba watu wangapi, na jibu analotaka kusikia ni wawili. Hata mimi ningelipenda. Lakini Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Mchana wa nyuzi 25, mita moja ya ujazo ya hewa yetu ina takriban kilo 1. Dar es Salaam, hata jua likifikisha nyuzi 30, inakaribia kilo 1.17. Injini isiyo na tabo inavuta hewa hii hii, hivyo ile iliyoandikwa farasi 100 kiwandani hapa hutoa kama 82. Mapanga nayo yanapiga hewa nyepesi, kwa hiyo yanadai nguvu zaidi kuinua mzigo uleule. Mlima unatudai mara mbili.

Helikopta ya watu wawili, pamoja na mafuta, nimeikadiria kilo 450. Kwa rota yenye kipenyo cha mita 7, kusimama tu hewani hapa kwetu kunakula kama farasi 80. Mwenye 82 hana akiba ya upepo, wala ya mchana wenye joto kuliko huu. CH-7 Kompress ya Italia hubeba watu wawili kwa injini ya Rotax 914 ya farasi 115, na ile tabo ndiyo inayorudisha hewa iliyopungua. Bei ya injini hiyo inamaliza bajeti yetu yote. Ya mtu mmoja nimeikadiria kilo 300. Rota ya mita 6.2 itadai kama farasi 50, na injini ya farasi 80 itatoa 65 hapahapa Arusha. Hiyo ni akiba ya kweli, na kwa sababu hiyo kiti ni kimoja.

Kijana ameuliza yeye atakaa wapi. Nimemwambia rubani ni yeye, akishapata leseni, kwa sababu ana kilo 62.

Jumanne

Mabomba yamefika, siyo tuliyoagiza. Tuliandika chuma cha 4130, kile chenye kromiamu na molibdeni, kinachotumika kwa fremu za ndege ndogo. Limeshushwa bomba la maji la inchi moja, lenye zinki, na dereva ameondoka kabla hatujafungua kamba. Nimempigia muuzaji. Amesema bomba ni bomba, mzee.

Si kweli. Bomba la maji lina mshono urefu wake wote na halina hati inayosema limetokana na chuma gani. Zinki yake ikichomwa hutoa moshi wenye sumu na kuharibu kiungo. Ukuta wake ni mnene, kwa hiyo kilo zinaongezeka pasipo faida. Rota ya mapanga mawili ikizunguka mara 585 kwa dakika huitikisa fremu zaidi ya mara 1,000 katika dakika hiyohiyo, na ufa hauhitaji mwaliko wa pili. Nimeona watu wakitengeneza fremu za helikopta kwa mabomba ya madirisha na wakasifiwa magazetini. Juhudi zao naziheshimu, lakini sitaki mtoto wa mtu aketi humo.

Mabomba yameegeshwa ukutani. Jioni jirani mtengeneza vitanda amenunua baadhi.

Jumatano

Mizani yetu ya kuning'iniza imechukuliwa na mwenye stoo ya mahindi wakati sisi tumekwenda kula. Kijana ameifuata akaikuta imeshika gunia, ikabidi asubiri magunia yaishe. Hatukupima chochote.

Nimesoma tena habari za Mosquito, helikopta iliyobuniwa Kanada. Sheria ya Marekani ina kundi la vyombo vyepesi ambavyo rubani wake hadaiwi leseni: kiti kimoja, uzito mtupu chini ya pauni 254, yaani kilo 115, na mafuta yasiyozidi lita 19 hivi. Mosquito ya kwanza ilibuniwa iingie humo. Helikopta nzima, na injini yake, nzito kidogo tu kuliko gunia lililokuwa likining'inia kwenye mizani yetu. Kazi hiyo naistaajabia kila nikiifikiria.

Lakini ili kufika kilo hizo ilibidi watumie injini ya mipigo miwili. Injini hiyo ni nyepesi na rahisi, ila ikipata joto kupita kiasi pistoni hung'ang'ania ghafla, na chombo kinachoning'inia kwenye injini yake hakina pa kuegesha. Sheria ya kilo 115 si yetu. Tutabeba kilo zaidi na kupata mipigo minne.

Alhamisi

Dalali ameleta injini ya Subaru alfajiri, akaiacha mbele ya mlango wa gereji akaenda zake. Mlango unafunguka kwa nje. Tumeingia kwa dirishani mpaka walipopatikana watu wanne wa kuisogeza.

Subaru si chaguo la kipuuzi. Silinda zake zimelala ubavuni, mbili huku na mbili huku, kwa hiyo haitikisiki sana, na spea zake zimejaa mjini. Mwaka 2007 mwanafunzi mmoja wa Kano, Nigeria, aliripotiwa duniani kote kwa kujenga helikopta yenye injini ya Honda Civic ya farasi 133. Injini ya gari inavutia kwa bei. Tatizo lake linaonekana kwenye mizani, ambayo leo ilikuwa nyumbani: pamoja na rejeta, maji, waya na stata, Subaru hii imepita kilo 140. Rotax 912 ya farasi 80 iliyokamilika ni kama nusu ya hapo, na kila silinda ina plagi mbili zenye mifumo miwili ya moto isiyotegemeana. Plagi moja ikigoma, nyingine inaendelea.

Kilo 70 hivi za ziada ni uzito wa rubani wetu na zaidi kidogo. Tutatafuta Rotax iliyotumika, yenye daftari lake la matengenezo. Hapa ndipo pesa nyingi itakwenda, na nimekubali iende. Rangi, milango, kioo cha mbele, mito ya kiti, hivyo vyote vinaweza kungoja au kutokuwepo kabisa.

Dalali ameahidi kuja kuichukua injini yake kesho.

Ijumaa

Dalali hajaja.

Mikanda tuliyoagiza dukani nayo imepatikana, imefungwa kwenye mashine ya kusaga. Mkanda wa mashine ulikatika jana, mwenye mashine akaenda dukani, muuzaji akampa yetu. Imesaga sembe tangu asubuhi. Amejitolea kuirudisha kwa heshima zote, nami nimemwambia abaki nayo alipe tu gharama. Mikanda ya kazi yetu lazima iwe ya seti moja, yenye urefu sawasawa. Ikishafanya kazi mmoja hunyooka kuliko mwenzake, na anayebaki amekaza ndiye anayebeba mzigo wote.

Kutumia mikanda badala ya giaboksi kubwa na klachi ni fikra ninayoipenda kuliko zote katika helikopta ndogo. Frank Robinson alianzisha kampuni yake mwaka 1973 nyumbani kwake California, baada ya waajiri wake kutoiona faida katika helikopta ndogo ya bei nafuu. R22 yake ikaruka mara ya kwanza mwaka 1975 na kupata cheti mwaka 1979. Humo hakuna klachi ya sahani. Injini inawashwa mikanda ikiwa imelegea, kisha mota ndogo ya umeme inainua puli ya juu taratibu mpaka mikanda inakaza na rota inaanza kuzunguka. Mikanda hiyohiyo inameza mitikisiko ya pistoni kabla haijafika kwenye meno ya gia. Kifaa kimoja, kazi tatu, na unaweza kukikagua kwa macho kila asubuhi. Ndani ya puli ya juu kuna friwili: injini ikifa, rota inaendelea kuzunguka bila kuiburuta.

Robinson alifanya jambo jingine ambalo wajenzi wa mitaani hawalifanyi. Alichukua injini kubwa akaizuia isitoe nguvu zake zote. R22 za baadaye zina Lycoming ya farasi 180 inayoruhusiwa kutoa 131 tu wakati wa kuruka. Faida mbili: injini haichoki, na huko juu hewa ikipungua bado zile 131 zinapatikana. Sisi hatuna kilo za kubeba injini ya namna hiyo, lakini kanuni tutaishika kwa kadiri yetu.

Jumamosi

Kijana ametengeneza kielelezo cha rota kwa mbao, mikono mitatu, ili tuone ukubwa. Wakati wa kukigeuza uani mkono mmoja umegonga bomba la maji la mwenye nyumba likavunjika shingo. Maji yametoka mpaka fundi bomba alipofika. Mwenye nyumba amesema hana neno ila tuyazingatie mazingira.

Mapanga mawili au matatu? Bruno Guimbal wa Ufaransa alichagua matatu kwa Cabri G2, iliyopata cheti cha Ulaya mwaka 2007, na ni mashine tulivu yenye tabia njema. Lakini kila panga la rota ya namna hiyo linataka bawaba yake ya kwenda mbele na nyuma pamoja na kizuia-mtikiso chake. Vizuizi vikichoka, mapanga hujikusanya upande mmoja wakati chombo kiko chini, na mtikiso ukilingana na wa miguu yake, helikopta hujivunja yenyewe ikiwa imesimama ardhini kwa muda wa kuhesabu vidole. Fundi wa mtaani hana chombo cha kupima kizuizi kilichochoka.

Mapanga mawili yaliyofungwa kwenye kitovu kimoja kinachobembea hayana ugonjwa huo. Beringi ni chache, na helikopta inaingia gerejini mapanga yakiwa yamelala mbele na nyuma. Nayo yana ugonjwa wake. Rubani akisukuma usukani mbele ghafla, mwili wa helikopta unakuwa kama hauna uzito, panga la mkia linaulaza ubavu, na akijaribu kuunyoosha kwa usukani, kitovu kinaweza kugonga mlingoti na kuukata. Marekani iliweka mafunzo maalumu ya lazima kwa marubani wa R22 na R44 mwaka 1995, na jambo hilo lilikuwa kiini chake. Dawa yake ni mafunzo, na mafunzo yanawezekana Arusha kuliko vizuia-mtikiso.

Tumechagua mawili. Kielelezo kimekatwa mkono.

Jumatatu

Dalali amekuja, akaona injini ina vumbi, akaomba tuifute.

Baada ya misa jana mzee mmoja aliniuliza swali ambalo nimelala nalo: injini ikizimika huko juu, mwanangu anafanya nini? Jibu ni kwamba anashusha mara moja wenzo wa mkono wa kushoto, ule unaobadili pembe ya mapanga yote kwa pamoja. Pembe ikipungua, hewa inayopanda wakati chombo kinashuka huchukua kazi ya injini na kuyazungusha mapanga. Karibu na ardhi anainua wenzo, na kasi iliyohifadhiwa kwenye mapanga inatumika kutua polepole. Akichelewa kushusha, mapanga hupungua kasi, na yakishapungua kupita kiasi hayarudi tena.

Kuchelewa ni kiasi gani? Nimepiga hesabu kwa panga letu la kilo 7, lenye urefu wa mita 3.1 kutoka katikati. Kwa mizunguko 585, mapanga mawili yanabeba nishati ya kilojuli 84 hivi. Kusimama hewani kunakula kilowati 32 kwenye rota. Kutoka kasi kamili hadi asilimia 85 ya kasi hiyo ni sekunde 0.7. Ndani ya muda huo kijana lazima asikie injini imekufa, aamini alichosikia, na mkono wake ushuke. Hata R22 inasemwa miaka yote kwa wepesi wa rota yake, na walimu wake hufundisha mkono wa kushoto kabla ya kitu kingine chochote.

Kisha nimeongeza kilo 2 kwenye ncha ya kila panga, kwenye karatasi. Sekunde 0.7 zimekuwa 1.4. Kilo 4 tu katika chombo cha kilo 300, na muda wa kuishi umeongezeka karibu maradufu. Sijui ununuzi mwingine wa bei rahisi kama huo katika kazi hii yote.

Ununuzi huo unalipiwa mahali pengine. Kilo 2 pale nchani, kwa kasi hiyo, zinavuta kwa nguvu ya tani 2.4. Ukijumlisha na uzito wa panga lenyewe, shina la kila panga linavutwa kwa karibu tani 6 na nusu, saa nzima, kila saa ya kuruka. Kwa hiyo bolti za shina zitakuwa zenye hati, kitovu kitakerezwa kwenye chuma chenye hati, na babu wa kukereza atalipwa bei anayotaja bila kupunguziwa hata shilingi.

Kijana, kwa furaha, ameyeyusha risasi ya majaribio kwenye sufuria ya mke wangu. Risasi ni sumu na sufuria hiyo hairudi jikoni. Nimenunua nyingine.

Jumanne

Mvua usiku kucha. Paa linavuja juu ya meza ya mapanga ya majaribio, yale ya mbao. Moja limelowa, moja halikulowa, na leo yanatofautiana uzito. Bell 47 za mwanzo ziliruka kwa mapanga ya mbao, na zilikuwa helikopta njema. Lakini mbao hunywa maji, na mapanga yasiyolingana hutikisa chombo mpaka nati zinalegea. Ya kurukia yatakuwa ya aluminiamu, na pua nzito kwa mbele. Kitovu cha uzito wa panga kikirudi nyuma ya robo ya upana wake, panga huanza kupigapiga kama bendera.

Jumatano

Kuku wa jirani ametaga kwenye boksi la beringi. Beringi zote zimeoshwa upya. Yai limerudishwa kwa mwenyewe.

Kwa ajili ya mkia nimeiangalia Gen H-4 ya Japani, yenye rota mbili juu ya mlingoti mmoja zinazozunguka kinyume, injini nne ndogo, na haina panga la mkia. Inaokoa urefu na nguvu. Lakini mapanga yake hayabadili pembe, kwa hiyo yale niliyoandika juzi kuhusu mkono wa kushoto hayapo humo. Nimefunga karatasi. Mkia wetu utakuwa wa kawaida.

Alhamisi

Tumezungusha rota ya mbao uani kwa mara ya kwanza, mifuko ya mchanga ikiwa pande zote, watu wote nje ya ukuta, mizunguko 150 tu kwa mota ya umeme. Pembe ilikuwa ndogo. Hata hivyo upepo umepita chini ya geti, ukaingia kwenye jiko la mama lishe, na majivu yametua juu ya chapati. Tumelipa chapati zote.

Mama lishe ameuliza kama ikiwa kubwa upepo utakuwa huohuo. Nimemwambia utakuwa mara nne. Ameomba apewe taarifa mapema, na ni haki yake.

Ijumaa

Kijana amesoma habari za Augusto Cicaré na hakufanya kazi nyingine asubuhi. Sikumzuia. Cicaré alikuwa fundi wa mji mdogo wa Saladillo, Argentina, aliyejenga helikopta yake ya kwanza mwaka 1958 katika karakana yake, na ile CH-7 ya Waitaliano ilitokana na ubunifu wake. Alibuni pia mashine ya kufundishia: helikopta halisi iliyofungwa kwenye jukwaa, inayoinuka kidogo na kuinama bila kuweza kuondoka. Mwanafunzi anakosea humo bila kufa.

Tumeamua kujenga jukwaa la namna hiyo kabla ya kumaliza helikopta. Yale mabomba ya maji yaliyobaki yanafaa kabisa kwa jukwaa. Tumempigia mtengeneza vitanda, amesharudisha moja.

Jumamosi

Dalali amechukua injini yake. Ameacha doa la oili mlangoni.

Fomu ya maombi ya usajili imerudishwa kwa sababu sehemu ya jina la kiwanda ilikuwa na mstari. Jumatatu tutaijaza jina la gereji na kuirudisha pamoja na hati za chuma, hesabu za mapanga na picha za kila kiungo kilichochomelewa. Helikopta itafungwa jukwaani, na itabaki imefungwa mpaka kibali kitoke.